Shemeji anatuuzia Vanguard yake, tununue?

Shikamoo mzee wetu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Buswelu hapa Mwanza. Mume wangu anafanya kazi Geita na hurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Tuna watoto wanne: mkubwa yuko kidato cha pili, wanafuata mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka tisa, na wa mwisho ni Shija, miaka mitatu. Yupo pia mama mkwe anayekaa Magu. Magoti yanamsumbua, hivyo kila mwezi tunamleta kliniki Bugando na analala kwetu siku mbili tatu.

Gari letu ni IST. Sina la kulilaumu, ila sisi tumeongezeka. Jumapili tukienda kanisani Shija anakaa mapajani mwangu, na mama mkwe akiwepo basi mkubwa wetu anafuata nyuma kwa bodaboda. Tumekuwa tukitafuta gari la viti saba.

Sasa kaka yake mume wangu anauza Toyota Vanguard yake ya mwaka 2008, injini ya 2.4, viti saba, namba D. Anataka milioni 26. Tumpe milioni 18 sasa, nane zinazobaki tulipe kidogo kidogo kwa miezi minane. Sisi tuna akiba ya milioni 10 na mimi nimeahidiwa mkopo wa milioni 8 na SACCOS ya walimu. Gari kwa macho ni zuri, jeusi, linang'aa. Dashibodi inasoma kilomita 112,000. Alilinunua miaka minne iliyopita likiwa na 80,000. Yeye ni mfanyabiashara wa dagaa, karibu kila wiki anaenda nalo Musoma.

Yanayonitatiza ni haya. Fundi wa mtaani kwetu kaniambia Vanguard ni gari lililokufa, Toyota waliacha kulitengeneza siku nyingi, nitatafuta spea mpaka nizeeke. Mwalimu mwenzangu naye anasema zinakula oili. Nilipomwambia mume wangu tumpeleke fundi akalikague, akakasirika: "Unamkagua kaka yangu?" Kadi ya gari bado iko kwa jina la yule aliyemuuzia shemeji, na shemeji anasema hilo ni suala dogo, tutalimaliza baadaye. Nikikataa nitaonekana mimi ndiye niliyeingia kati ya ndugu. Nikikubali, mkopo ni wangu.

Jambo la mwisho, na usinicheke: sijawahi kuendesha gari kubwa kuliko IST. Hilo nitaliweza?

Mama Kulwa, Buswelu

*

Marahaba, Mama Kulwa.

Umeniuliza mengi kwa mkupuo, na lile ulilolipitia haraka ndilo lililonisimamisha. Kadi.

Shemeji yako amekaa na hilo gari miaka minne, na mpaka leo serikali inalijua kuwa ni la mtu mwingine. Kwa hiyo kwa karatasi za serikali yeye bado si mwenye gari. Kubadilisha umiliki TRA kunafanywa kati ya mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi na mnunuzi, kila mmoja na TIN yake, pamoja na mkataba wa mauziano. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani na ada za uhamisho. Kwa gari la milioni 26 stempu peke yake ni kama shilingi 260,000. Watu wengi hukwepa gharama hiyo, wanatembea na kadi ya mwenzao miaka na miaka, na huenda shemeji yako ni mmoja wao tu. Hilo linarekebishika: amtafute aliyemuuzia, wasainishane, kadi ije kwa jina lake au moja kwa moja kwa jina lenu.

Lakini kuna sababu nyingine mbili ambazo hazirekebishiki kirahisi. Ya kwanza, aliyemuuzia amefariki au hapatikani, na hapo mtaingia kwenye habari za mirathi ya watu msiowajua. Ya pili, kadi imewekwa dhamana. Siku hizi mikopo ya kadi ya gari imejaa kila kona ya mji, na mfanyabiashara anayeongeza mtaji anaweza kuwa ameichukua bila kumwambia hata mkewe. Kwa hiyo msiombe "kuona kadi" kwenye simu. Mwombeni kadi yenyewe, mkononi, mlinganishe namba ya chasisi iliyoandikwa na ile iliyogongwa kwenye bodi ya gari. Soma na idadi ya abiria. Vanguard zilitoka za viti vitano na za viti saba, na kadi inatakiwa ikubaliane na viti unavyoviona. Kisha ingizeni namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani muone kama kuna faini hazijalipwa. Za safari za Musoma zinaweza kuwa nyingi, zile tochi za polisi za kupima mwendo njiani unazijua.

Isipotolewa kadi, msitoe hata milioni moja ya kishika uchumba. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari lenyewe liko kwa mtu wa tatu.

Baada ya kadi, tuzungumzie hizo kilomita, maana umeniandikia hesabu bila kujua. Mwanza mpaka Musoma ni kama kilomita 220. Kwenda na kurudi, 440. Tuchukue wiki 45 tu kwa mwaka, tumwachie sikukuu na siku za kuumwa: inakuwa karibu kilomita 19,800 kwa mwaka, na kwa miaka minne zaidi ya 79,000. Aliinunua ikiwa na 80,000. Dashibodi ilitakiwa kusoma 159,000 au zaidi, kabla hata ya kuhesabu mizunguko ya mjini. Inasoma 112,000.

Sisemi shemeji yako ni mwongo. Inawezekana haendi Musoma mara nyingi kama familia inavyodhani, na hilo si letu. Inawezekana dashibodi iliharibika ikawekwa nyingine ya mtumba iliyokuja na namba zake. Ila ninyi lichukueni kama gari lililotembea 160,000 mpaka mtakapoonyeshwa vinginevyo. Wakati mwingine stika za gereji zinazobandikwa ukimwaga oili, pembeni ya mlango wa dereva au chini ya boneti, husema kweli ambayo dashibodi haisemi. Zitafuteni.

Sasa oili. Mwalimu mwenzako hajakosea, ingawa nadhani kasikia tu. Injini ya 2.4 iliyomo kwenye Vanguard inaitwa 2AZ-FE. Ni injini ya mnyororo, si ya mkanda, ngumu, na imetembea dunia nzima, lakini zile za kati ya 2006 na 2009 zina ugonjwa unaojulikana. Matundu madogo ya kwenye pistoni, yanayorudisha oili chini kutoka kwenye ringi (zile bangili za chuma zinazoizunguka pistoni), huziba kwa masizi. Ringi inanata, oili inabaki ukutani mwa silinda, inaungua pamoja na petroli. Marekani, ambako injini hiyohiyo ilikuwa kwenye Camry na RAV4, malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Toyota ilitoa mpango maalumu wa kubadilisha pistoni na ringi kwa zile zilizopimwa zikaonekana zinakula kupita kiasi. Kipimo chao kilikuwa maili 1,200, yaani kama kilomita 1,900: ikipungua karibu lita 1 ndani ya safari hiyo, injini ni mgonjwa. Za baadaye, hasa kuanzia 2010, hazina sifa hiyo mbaya. Ya shemeji yako ni ya 2008, katikati kabisa ya miaka yenye ugonjwa.

Kula oili hakuui gari siku hiyohiyo. Kinachoua ni mwenye gari asiyejua. Injini hii inabeba kama lita 4.3. Ikipoteza moja kila baada ya kilomita 1,900, na mtu anasubiri kilomita 5,000 ndipo amwage oili, anafika kwa fundi akiwa na chini ya lita 2. Mnyororo unaanza kupiga kelele asubuhi, beringi zinasagika, na hapo ndipo utasikia "injini imenoki". Anayepima oili kila Jumamosi na kuongeza anaweza kuitumia miaka mingi. Swali ni kama shemeji yako amekuwa mpimaji au msubiriaji.

Namna ya kujua haihitaji mashine. Siku ya kulitazama, mfike kwake asubuhi kabla halijawashwa, na mguse boneti muone ni baridi kweli. Muuzaji aliyekwisha kulipasha gari moto kabla hujafika ana jambo. Chomoa kijiti cha oili, futa, rudisha, chomoa tena. Ikiwa chini ya alama ya chini, umeshapata jibu. Mwambie mkubwa wenu asimame nyuma wakati linawashwa: moshi wa bluu wakati wa kuwaka ni oili, moshi mweupe usioisha ni habari ya maji kuingia kwenye silinda. Kisha lipandisheni Isamilo, mshuke bila kukanyaga mafuta, na mkifika chini kanyaga kwa nguvu, huku mtu wa pili akifuata na IST anatazama bomba la moshi. Wingu la bluu hapo halina maelezo mengine mazuri.

Kuna jaribio bora zaidi, na kwa bahati ninyi mnaweza kulifanya kwa sababu muuzaji ni ndugu. Ijazwe oili mpaka alama ya juu, mpige picha kijiti. Aende nayo Musoma kama kawaida yake. Akirudi, gari lipoe sehemu tambarare, mpime tena. Kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita 1. Kwa injini isiyo mgonjwa, oili itakuwa hapohapo ilipokuwa au chini kidogo tu. Ikishuka robo ya nafasi hiyo kwa kilomita 440, imefikia kile kipimo cha Toyota. Muulizeni pia anatumia oili gani. Hii ni injini ya oili nyepesi, 5W-30 inaitosha. Ukisikia anaweka 20W-50 "kwa sababu ya joto la kwetu", mara nyingi ni mtu aliyechoka kuongeza oili akaamua kuweka nzito ili ipungue polepole.

Na ukiambiwa "tulishabadilisha ringi", uliza pistoni. Ringi mpya juu ya pistoni zenye matundu yaleyale ni kununua muda tu.

Giaboksi sitaikalia sana, ingawa ikifa ndiyo itakayokuumiza mfuko kuliko yote. Vanguard ya 2.4 ina CVT, haina gia za kawaida ndani, na inataka mafuta yake ya CVT yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Sehemu nyingi mafundi wetu humimina haidroliki yoyote nyekundu iliyopo dukani. Likiwa limewekewa hiyo, litatembea vizuri mpaka siku litakapogoma. Jaribuni kuondoka katikati ya mlima mkiwa mmejaa wote ndani, bila haraka. Mtikisiko, mlio mwembamba kama wa mota ya umeme, au gari kupandisha sauti bila kupandisha mwendo, ni sababu ya kushuka na kushukuru kwa chai. Zile zenye injini kubwa ya V6 ya lita 3.5 zina gia tano za kawaida na hazina tatizo hili, ila zinakunywa petroli na zina mpira wa oili ubavuni mwa injini ambao kwa magari ya mwanzo ulikuwa unapasuka. Kwa mshahara wa mwalimu usiziangalie.

Mkiwa chini ya boneti, fungueni chupa ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Iwe ya pinki au nyekundu, safi. Ikiwa rangi ya kutu, amekuwa akiongeza maji ya bomba, na pampu ya maji ya injini hii ina tabia ya kuvuja. Geuzeni usukani gari likiwa limesimama, msikilize kama kuna mgongano wa chuma chini ya miguu ya dereva. Upo kwenye nyingi, unatengenezeka, ila upunguze bei.

Na kwa sababu ni gari la mtu wa dagaa: inueni kapeti ya nyuma yote, mpaka bati lionekane. Huenda mzigo wake mkubwa unapanda lori, lakini sijaona mfanyabiashara wa samaki anayerudi Mwanza buti likiwa tupu. Maji ya barafu ya sangara yana chumvi ya damu, yanashuka chini ya kapeti na kulala juu ya nyaya na viungio vya bati. Gari jeusi linalong'aa nje linaweza kuwa limeoza pale ambapo viti vya nyuma vinakunjwa. Harufu mtaisikia madirisha yakiwa yamefungwa juani, siyo asubuhi. Ulizeni pia linaoshwa wapi. Wanaoingiza magari ziwani kuyaosha huyarudisha na beringi za magurudumu zilizokunywa maji na mchanga.

Nimechelewa kufika kwa fundi wako wa mtaani kwa sababu hoja yake ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli Toyota iliacha Vanguard mwaka 2013, baada ya kuiuza Japani tangu 2007, na nafasi yake ikachukuliwa na Harrier mpya. Lakini Vanguard si gari la peke yake. Chini yake ni RAV4 ya kizazi cha tatu iliyorefushwa. Injini ya 2AZ-FE iko kwenye Harrier 2.4, Kluger, Alphard, Ipsum, Estima na Camry. Breki, shokapu, bushi, filta, plagi, pampu ya maji, vyote mtavikuta mjini hapa. Kinachosumbua ni vile vya sura: taa za mbele, bampa, grili, baadhi ya vioo. Hivyo huagizwa Kariakoo na kuja na basi, na bei ya taa moja inaweza kukufanya usitamani kuendesha usiku Mkuyuni. Kwa hiyo kagua taa zote mbili kama zina nyufa au zimebandikwa. Spea nyingine zisikunyime usingizi.

Kuacha kutengenezwa kuna athari nyingine ambayo fundi hakuitaja, nayo iko kwenye bei. Vanguard ya mwisho kabisa ni ya 2013, kwa hiyo zote zimevuka miaka kumi. Gari la abiria la umri huo likiingizwa nchini leo linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa kuwa injini imepita cc 2,000, na VAT ya asilimia 18. Ndiyo maana za mkononi hazishuki bei haraka, na ndiyo maana milioni 26 haionekani ya ajabu. Lakini mwaka una uzito. Mkipata ya 2011 kwa milioni chache zaidi, yenye kadi ya mwenyewe, mimi ningeifuata hiyo na kuiacha ya 2008 hata kama ni ya ndugu.

Je, inawafaa ninyi? Hapa nina wasiwasi kidogo. Ile safu ya tatu ni ya watoto. Kulwa na Doto watakaa leo kwa furaha, wakifika kidato cha kwanza watalalamika, na mkubwa wenu asiwekwe huko hata siku moja. Safu ya tatu ikiwa imesimama, buti linabaki la mifuko ya sokoni tu. Mama mkwe anakuja na mkoba wake, gunia la viazi vitamu kutoka Magu na kuku, hivyo vitakaa wapi? Siku ya kulijaribu nendeni wote sita pamoja na bibi, si ninyi wawili. Akae safu ya katikati, ashuke na kupanda mara mbili, mtazame magoti yake. Kwa watu wengi Vanguard ina urefu mzuri wa kukaa, mtu anajisogeza tu, lakini mguu wa mgonjwa ndio unaojua.

Kama hatapanda kwa raha, nitasema neno ambalo mumeo hatalipenda: Noah. Najua, wanaume wanaona ni gari la abiria. Ina mlango wa kusukuma, sakafu ya chini, viti vya nyuma vya watu wazima, na injini chini ya cc 2,000. Epukeni tu zile za 2001 mpaka 2007 zenye injini ya D-4, ile inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zinataka fundi anayezijua na petroli safi. Barabara ya Geita ni lami, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena foleni ya feri, kwa hiyo safari hiyo haidai gari la kiume. Lakini kama njia ya kuingia kwenu Buswelu ni ya mawe na makorongo, Vanguard inashinda. Hilo mnalijua ninyi.

Mafuta mjipange. IST yako ikikupa kilomita 14 kwa lita, hii mjini tegemea 8 au 9. Kwa kilomita 1,000 za mwezi ni kama lita 45 zaidi. Kwa bei ya shilingi 2,900, mfano, hiyo ni 130,000 kila mwezi, na inakuja wakati huohuo na makato ya SACCOS na marejesho ya shemeji.

Sasa namna ya kusema. Usiende wewe. Shemeji wako ni shemeji, mkikwaruzana juu ya gari mtakwaruzana mpaka kwenye misiba. Aende mumeo, na asiseme "mke wangu ana wasiwasi". Aseme ukweli mwingine ambao hauna sura ya mtu: mkitaka kulikatia bima kubwa, kampuni ya bima italikagua na itataka kadi yenye jina lenu. Na bima kubwa mnaihitaji, kwa sababu gari likiibwa au likipinduka Lamadi mkopo wa SACCOS hautapinduka nalo. Kaka mtu mzima, mfanyabiashara, ataelewa. Mkataba uandikwe kwa wakili, useme milioni 8 zinalipwa lini na nini kinatokea mkichelewa mwezi, malipo yapite benki, na uhamisho wa kadi ufanyike kabla ya zile 18 kutoka.

Akikubali yote haya kwa moyo mweupe, hiyo nayo ni taarifa kuhusu gari. Akikasirika, pia.

Kuhusu kuendesha, sicheki. Vanguard ina urefu wa karibu mita 4.6 na imeizidi IST upana kwa zaidi ya sentimita 10, ila unakaa juu, unaona mbele vizuri, na usukani wake ni mwepesi. Wiki ya kwanza usiende mjini. Zungukia Buswelu na Nyamhongolo asubuhi ya Jumapili, ujifunze pembe ya kushoto iko wapi. Kitakachokushangaza ni mlango wa nyuma: haupandi juu kama wa IST, unafunguka kwa upande. Ukipaki ukirudisha nyuma mpaka ukutani, hutautoa mfuko hata mmoja. Acha kama mita moja hivi.